Mashine Iliyokataa Ngozi Yangu

Jumapili jioni. Oktoba inaishia.

Joto la leo halikuwa la kawaida. Mawingu yalijikusanya tangu mchana upande wa Misunkumilo, yakakaa palepale, meusi, bila kudondosha hata tone. Mpanda nzima inanuka vumbi. Nimefunga mlango, nimekaa na simu mkononi, na mwili umekataa kutulia.

Tangu niandike hapa kwamba nimeagiza ile mashine ya mwanga ya kuondolea vinyweleo nyumbani, wengi mmeniuliza swali moja: inafanya kazi kweli, au ni heri mtu ajikusanye aende kwa wataalamu? Niliahidi kujibu, kisha nikawa nakwepa.

Jibu ni kwamba inafanya kazi.

Ndiyo maana naogopa.

Kwa aliye mgeni kwenye blogu hii, naitwa Kabula. Nina duka la pembejeo Majengo, nauza mbegu, dawa za mimea na dawa za mifugo. Na nina ndevu. Sisemi vinyweleo viwili vitatu vya kung'oa kwa kucha, nasema ndevu. Zilianza nikiwa kidato cha tatu, zikajaa kidevuni, zikashuka hadi kooni. Hospitali waliniambia ni mambo ya homoni, wakanipa vidonge. Vidonge vilisaidia kiasi, lakini zilizokwisha kuota ziliota, hazikuwa na mpango wa kuhama.

Mama yangu, ambaye nyumbani tunamwita Mayu, hakuwahi kuzionea haya ndevu zangu. Alisema ni za baba yake, zimekosea njia tu. Kila nikifika kwake alinishika kidevu kwa vidole viwili, akazivuta kidogo, akasema, "Mzee Kabula, umeshindaje?" Nilipokuwa msichana nilikuwa nanuna siku nzima kwa utani huo.

Sasa Mayu ana ugonjwa wa kusahau. Amesahau kwamba baba alishafariki. Amemsahau hata mdogo wangu Minza, anayeishi naye Misunkumilo, anayemwogesha na kumlisha; sasa Mayu anamwita "binti wa watu". Mimi tu ndiye aliyekuwa hajanisahau. Kila Jumapili vidole viwili, kidevu, Mzee Kabula. Hata nikiwa nimetoka kunyoa juzi yake, vidole vile vilipata cha kushika.

Basi ningetosheka na hilo. Sikutosheka.

Dukani watu wana midomo. Kuna mchungaji mmoja wa ng'ombe aliniamkia "shikamoo mzee" mbele ya foleni nzima, watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao huku nampimia dawa ya kupe. Nilivaa barakoa hadi watu wakadhani nina kifua kikuu. Nimenyoa kwa wembe, nikapata vipele. Nimekwenda saluni kwa Mama Jeni, jirani yangu hapa Majengo, anayepaka nta ya moto na kuing'oa kwa kitambaa. Nta ya Mama Jeni inaondoa kweli, inauma kweli, na baada ya wiki chache ndevu zinarudi kweli. "Dada, hizi zako zina mizizi kama mihogo ya Mishamo," aliniambia, akiwa amekanyaga mguu wa kiti ili apate nguvu ya kuvuta.

Ndipo nikaagiza mashine. Ilikuja na basi kutoka Dar, ndani ya boksi jeupe zuri. Ina ukubwa wa pasi ndogo ya nywele, na mbele yake kuna kidirisha cha kioo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na vimraba vya rangi za ngozi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Vile vya mwisho, vyeusi, vilikuwa vimepigwa alama ya mkasi ya kukataza.

Mimi ndiye ninayewasomea wakulima maandishi ya kwenye chupa za dawa. Mimi ndiye ninayewagombeza wasipoyafuata. Niliiona ile alama, nikaikunja karatasi, nikaiweka chini ya godoro.

Nikaigusisha mashine kidevuni. Taa nyekundu, kimya. Shavuni, kimya. Shingoni, kimya. Nikadhani nimeuziwa kimeo. Nikaigeuzia kwenye kiganja cha mkono, nikitaka tu kujua kama ni nzima.

Ikapiga. Chumba chote kikawa cheupe, halafu kikarudi. Ilipiga kiganjani, mahali pasipo na unywele hata mmoja.

Nikavua saa. Chini ya mkanda wake kuna mstari ambao haujaona jua miaka mingi. Ikapiga pale pia. Nikaisogeza kidogo nje ya mstari, kimya. Nilikaa kitandani nikiielekeza huku na huku kwenye mwili wangu, na mahali pengi ilikuwa kama vile hakuna mtu.

Sasa naandika kitu ambacho sijamwambia hata Minza. Nilinunua mkorogo. Kwa mama mmoja anayepita madukani na kapu, kikopo kidogo kisicho na lebo, mimi muuza dawa nisiyenunua kitu kisicho na lebo. Nikawa napaka kidevuni, kwenye taya na shingoni. Sikutaka weupe, Mungu ananiona. Nilitaka tu ile mashine inione.

Kila jioni nilijaribu, na kila jioni ilikuwa taa nyekundu. Ngozi ilinichoma, ikababuka, nikaendelea. Siku moja, chini kidogo ya sikio la kushoto, ikapiga. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Siku chache baadaye ikapiga mbele kidogo, halafu mbele tena. Ilisogea hivyo kutoka sikioni kuja kidevuni, na mimi nikaisindikiza.

Ndevu hazikutoka siku hiyohiyo. Ziliondoka zenyewe baadaye, bila maumivu, bila kuaga. Nilizikuta kwenye taulo, kwenye kola ya gauni, kwenye sahani ya mizani dukani. Nilipitisha mkono kidevuni nikakuta laini kabisa, tangu kidato cha tatu sijawahi kukuta hivyo. Nilifurahi. Niseme ukweli, siku ile nilifurahi sana.

Asubuhi yake simu yangu ilikataa kufunguka. Ile ninayoifungua kwa kuitazama. Ikaandika nijaribu tena. Nikasogea dirishani, nikavua kitambaa cha kichwa, nikaitazama vizuri. Jaribu tena. Mwishowe nikafungua kwa namba, nikawaza: mashine moja imenikubali, nyingine imenikataa. Nikajilazimisha kucheka, ila sikuangalia tena kioo siku ile.

Kisha vikaja vitu ambavyo havikuwa kwenye karatasi, au vilikuwepo na mimi sikuisoma. Shingoni pakatokea vimraba vyeusi, ukubwa wa kile kidirisha, vimefuatana kwa mstari kama alama za kwato kwenye tope. Na juu ya mashavu, ambako sijawahi kuwa na kitu maisha yangu yote, vikaanza kuota vinyweleo vipya. Virefu, laini, vingi. Viliota pembeni mwa pale mwanga ulipopita, kana kwamba zile zilizofukuzwa zimehamia jirani.

Nikapiga simu kliniki moja ya ngozi huko Dar. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Aliniambia mashine yao ni ya leza, mwanga wake ni wa aina nyingine, unaifaa ngozi nyeusi kwa sababu unapita kwenda kwenye mzizi bila kuishia kwenye rangi ya ngozi. Unakwenda mara nyingi, kwa kupumzika katikati, na unalipa si kidogo. Hazikwishi moja kwa moja, hasa zikiwa za homoni, lakini zinapungua sana, na mtu anarudi mara mojamoja kuzikumbusha.

"Ngozi nyeusi siyo shida kabisa, dada," alisema. "Tunahudumia watu weusi kila siku."

Halafu akaniomba picha. Nikamtumia. Akaifungua palepale.

"Umepaka nini?"

Nikamwambia. Akasema kwa ngozi ile hawawezi kunigusa, itaungua. Niache mkorogo leo hii, nimwone daktari wa ngozi, nisubiri rangi yangu irudi. Nikamuuliza kuhusu vinyweleo vya mashavuni. Akasema hutokea, hasa kwa wenye shida ya homoni: mwanga hafifu wakati mwingine huviamsha badala ya kuviua.

Nilikata simu nikalia. Kumbe ilikuwepo mashine ambayo isingenidai nibadilike kwanza. Hilo ndilo jibu lenu, mlioniuliza. Ya nyumbani inaweza kumfaa mwenye ngozi iliyomo kwenye vile vimraba vyake. Sisi wengine, tujikusanye nauli.

Ningeishia hapo ingekuwa makala tu. Lakini leo nilikwenda kwa Mayu.

Nilikuwa sijaenda Jumapili kadhaa. Nilimdanganya Minza kwamba msimu umeanza, wakulima wananisumbua. Ukweli nilikuwa naficha shingo. Leo nikavaa gauni la kitenge alilonishonea Mayu mwenyewe enzi macho yake yanaona tundu la sindano, nikanunua migebuka mikavu, samaki anaowapenda, nikapanda bodaboda.

Minza aliniona kwanza. Akaweka mkono mdomoni. "Dada, umefanyaje?" Nikampa samaki, nikapita. Mayu alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni ya nyumba. Nikapiga magoti mbele yake kama siku zote, nikamsogezea kidevu.

Vidole vyake vikaja. Vikagusa. Vikatafuta kushoto, vikatafuta kulia, vikashuka kooni, vikapanda tena. Akavirudisha polepole, akavifuta kwenye khanga yake.

"Mwadila," akanisalimia Kisukuma, kwa heshima ile anayopewa mtu wa mbali. "Karibu, mgeni. Binti, mletee mgeni kigoda."

"Mayu, ni mimi. Kabula."

Akacheka kwa upole, kama anavyochekewa mtoto anayedanganya vibaya. "Kabula ana ndevu, mama. Ndevu za baba yangu. Wewe huna."

Halafu akamwinamia Minza, akanong'ona, na mimi nilisikia kila neno. "Huyu mbona kavaa gauni la Kabula?"

"Ndiye mwenyewe, Mayu," Minza akamwambia.

"Nyie msinidanganye. Huyu kampeleka wapi mwanangu?"

Nilikaa kwenye kigoda cha wageni katika uwanja niliojifunzia kutembea, nikawa najibu maswali yake: natoka wapi, wazazi wangu hawajambo, nimeolewa wapi. Nilimjibu yote. Sijui kwa nini nilimtungia majina. Nilijisikia nikiyatunga na sauti yangu ilikuwa tulivu kabisa, kama ya huyo mwingine.

Chakula kilipoiva, Mayu alimega ugali kabla ya mtu yeyote, akachagua mgebuka mnono, akaweka kwenye sahani ya peke yake. Mimi, kwa mazoea, nikanyoosha mkono. Akanidaka kifundo. Sikujua bado ana nguvu zile.

"Hicho cha mwanangu. Anakuja Jumapili. Leo kachelewa tu."

Nikala fungu la mgeni. Yeye alikula akitazama njia, juu ya bega langu. Kila pikipiki iliyopita aliinua shingo, na ikipita moja kwa moja alirudi kutafuna. Mara mbili niligeuka na mimi kutazama. Mara ya pili niligeuka nikitegemea kabisa kuona mtu anakuja.

Nilipoaga, alifunga ile sahani kwenye kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Si unaelekea Majengo? Kuna duka la mbegu pale. Mpe mwanangu. Mwambie mama yake amemngoja mpaka amechoka."

Nikasema nitampa.

Minza alinisindikiza hadi barabarani. Anasema nisijitese, ni ugonjwa tu, siku ya kunisahau ingefika hata ningekwenda na ndevu za kufika kifuani. Huenda. Nimekwisha kumwaga kile kikopo chooni, na mashine nimeifunga kwenye boksi lake. Daktari wa ngozi nitamwona wiki hii. Wembe sishiki tena, na kliniki ya Dar itasubiri. Ziote zote, na mchungaji aniamkie shikamoo mzee hata kila asubuhi. Ila dada wa kliniki alisema rangi hurudi taratibu, miezi, na kwa wengine hairudi yote; ndevu nazo sijui zitarudi lini. Kumbukumbu za Mayu nazo zinaondoka kila siku. Sijui kipi kitawahi.

Sijatia kitu tumboni tangu mchana. Njaa inaniuma. Sahani iko hapa mezani, nimekifungua kitambaa, mgebuka bado unanukia moshi wa jiko la kwetu. Nimenawa mikono. Nimenyoosha mkono, nikaurudisha. Nikanyoosha tena, nikaurudisha.

Siyo changu.

Nimekifunika. Tumngoje mwenyewe.