Nilizuia Mkono wa Siagi

Mama Phelis, pokea salamu kutoka Mogogosiek na unisaidie upesi, kwa sababu mimi nalia na watu wote wanacheka. Mimi ni Mkisii, fundi wa mashine kwa kiwanda cha majani chai, na nimechumbia Chepchirchir, Mkipsigis wa Litein, nampenda kabisa, na jioni nafanya karate, na mwalimu wetu anasema ukingoja kuona ngumi umeshachelewa, uangalie bega, likiinuka tu unazuia. Sasa tulienda kwao kwa sherehe ya uchumba, nimeketi nimenyamaza vizuri, mjomba wake, Mzee Bethwel, akachovya mkono kwa kibuyu akanijia, nikaona bega limeinuka, na Mungu wangu, mkono wangu ukaenda wenyewe! Mzee akakaa chini pu! Siagi ikaruka mpaka kwa koti ya pasta! Kumbe alikuwa anataka kunipaka kichwani anibariki, na hakuna mtu alikuwa ameniambia. Amekubali turudi Disemba, lakini nikirusha mkono tena nimsahau msichana, na juzi Chepchirchir alishika mafuta ya kupikia tujaribu, nikamzuia hata yeye, sasa amenuna. Niache karate, ama nifungwe mikono na kamba?
Ratemo

Ratemo, woi! Nimecheka mpaka chai ikamwagika, halafu nikamhurumia huyo mzee. Lakini wewe nawe! Unaingia kwa boma la watu kutafuta bibi na huulizi utafanyiwa nini? Na Chepchirchir aache kununa, angekwambia mapema.

Kamba ya nini, wewe ni ng'ombe? Karate usiache. Bega linakwambia mkono unakuja, halikwambii unakuja kufanya nini. Hiyo utaiona kwa uso. Mtu wa kukupiga hatabasamu huku akina mama wakiimba nyuma yake.

Nenda kwa Mzee Bethwel wiki hii na mzee mmoja wa kwenu, ubebe sukari. Majani chai wanayo. Omba msamaha kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu kila jioni Chepchirchir akupake, wewe mikono magotini, bega likiinuka unatoa pumzi polepole, mpaka mwili uzoee.

Na siku yenyewe, kwa vile unajua kuwahi, wahi: bega la mzee likipanda tu, inamisha kichwa wewe kwanza. Akimaliza sema asante, na ukae na siagi yako mpaka jioni. Ukijipangusa mbele yao, usiniandikie tena.