Bega la Abdulla

Mchafukoge, Dar es Salaam
12 Machi 1979

Mwanangu Azzan,

Natumai baridi ya huko imepungua na kifua chako kimepona. Sisi tu wazima, ila nyumba imekuwa kubwa. Telegramu ilikwambia baba yako amefariki, mengine haikuweza.

Ulituandikia kwamba siku yake ikifika, lile bega la bandia alilowekewa huko Uingereza litolewe, mlitazame kwenye maabara unakofanya kazi. Mwenyewe alikubali, akacheka, "Walitoe tu. Niendako sibebi mzigo." Lakini pale hospitali ami yako Uwesu alipinga: "Shemeji, mtu huzikwa mzima. Huyu si redio afunguliwe." Nikamjibu kwamba kile chuma hakuzaliwa nacho. Daktari akakitoa, akamshona vizuri, ndipo marehemu akaoshwa. Chuma nimekutumia kwa posta.

Tangu hapo sipati usingizi. Niambie kweli, kitasaidia kitu, au nimeruhusu mume wangu akatwe bure?

Mama yako,
Azza


Uingereza
20 Mei 1979

Mama mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi kifua kimepona. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukujibu nikiwa na hakika.

Bega limefika. Hapa maabara tuna mashine inayoinua na kushusha mabega kama hayo usiku na mchana, tuone yanachakaa vipi. Kwenye mashine, kile kikombe cha plastiki kinachoshika chuma hulika katikati. Cha baba kimelika ukingo wa juu. Mkubwa wangu akasimamisha mashine, akasema tumekuwa tukijaribu mkono ambao hakuna mtu aliye nao. Tunaipanga upya kabla wengine hawajawekewa mabega kama hayo. Hakukatwa bure, mama.

Ila ukingo huo hulika mtu akiinua mkono kupita kichwa, na daktari alimkataza. Rafu za juu dukani kwake alishaacha kuzipanga. Alikuwa akifanya nini?

Mwanao,
Azzan


Mchafukoge, Dar es Salaam
9 Juni 1979

Mwanangu Azzan,

Marahaba. Miguu ni ile ile, inanifikisha sokoni Kariakoo na kunirudisha. Barua yako nilimpa ami yako. Akaisoma, akairudia, akasema, "Basi shemeji, ulale."

Ulilouliza nalijua. Ni chandarua. Msumari wa chumbani kwetu uko juu, na mimi unanijua nilivyo mfupi. Kila jioni alikishusha, asubuhi akakikunja na kukitundika. Nikimwambia, "Abdulla, daktari amekukataza," alikuwa akinijibu, "Daktari hajakuona unavyorukaruka, bibi." Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Nami nikadhani chuma hakichoki.

Siku hizi napanda kigoda. Dada yako Hamdiya ananigombeza, anataka akitundike yeye. Namkatalia.

Mkimaliza kulipima, ukilishika mkononi, utukumbuke, yeye na mimi.

Mama yako,
Azza