Utambulisho Haujaisha

Shauri Moyo, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima, ila nalala kwa vipande.

Nakuandikia kwa simu, saa ya chakula. Naibu wa chifu, Bwana Laban, amenipa mimi karani wake kazi mpya: kuwa katibu wa kamati ya amani. Vijana wa pande mbili za soko wamepigania vibanda tangu Januari, na sasa wamefikia mapanga. Juzi Mukami, yule muuza mitumba ya watoto, aliwaficha wa upande mmoja nyuma ya magunia yake na wa upande wa pili jikoni kwa mama mkwe wake, akakataa kuwatoa mpaka wote waweke mapanga chini. Kamati ilipokutana, Mukami na wenzake waliambiwa wapike chai. Mimi niliandika waliyosema wanaume, basi. Wewe ni koplo na umezaa mwoga.

Zamu ya kikosi chenu cha kulinda amani huko Kongo inaisha katikati ya Mei. Leso yako nailalia, sijaifua tangu uondoke. Nikisikia buti nje ya mlango, nadhani ni askari wawili waliotumwa kuniletea habari yako mbaya. Utarudi Mei, sivyo?

Binti yako,
Celine

Kambini, Kongo Mashariki, 19 Machi

Nyathina, mwanangu Celine,

Hujambo? Kikohozi kimeondoka, kimeniachia sauti nzuri ya kuamrisha. Mtandao huku huja ukitaka. Fua hiyo leso, itaota uyoga.

Kazi yangu ni kuketi na wanawake wa kijiji kimoja cha milimani. Hatumwi mwanamume, kwa sababu wengi wao waliumizwa na wanaume wenye bunduki, na kuna mambo hawawezi kumwambia askari yeyote mwenye ndevu. Wanakicheka Kiswahili changu, ati naongea kama redio. Anayewaongoza ni Kavira, mkulima wa muhogo. Wameomba miaka mingi, na sasa wamepewa viti vitatu kwenye mazungumzo ya amani mjini, mwishoni mwa Mei. Lakini njia inapita kwenye kizuizi cha waasi. Wanasema watavuka iwapo nitatangulia mimi. Kikosi kinachokuja kina wanawake pia, ila hawajawazoea, na mimi kuzoeleka kulinichukua karibu mwaka.

Mkubwa ameniuliza kama nitaongeza miezi sita. Nimemjibu nitamuuliza mwanangu kwanza. Ukisema rudi, narudi, na sitakulaumu.

Mama yako

Shauri Moyo, 21 Machi

Mama,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimeandika jibu na kulifuta tangu jana.

Rudi. Nisamehe.

Binti yako,
Celine

Kambini, 14 Aprili

Nyathina,

Nimekusikia. Nimemwambia mkubwa, na nimewaambia akina Kavira. Hakuna aliyelalamika. Kavira aliuliza tu, "Huyo mutoto wako ni mudogo?" Nikasema ana miaka ishirini na minne. Walicheka hadi wakashika mbavu. "Mukubwa hivyo, na bado ananyonya!" Kisha akanipa kikwembe, ndivyo wanavyoita kitenge, nikuletee.

Nilimuuliza nani atawavusha. Alisema huenda wasiende.

Usijihukumu. Nimechoka pia, Celine. Naota ugali wa jiko letu na kelele za wachuuzi wakishuka sokoni asubuhi. Tutaonana Mei.

Mama yako

Shauri Moyo, 27 Aprili

Mama mpendwa,

Uko salama? Mimi nimekaa chini kwanza ndipo nikuandikie.

Leo kamati ilikutana ukumbini. Unaijua mikutano yetu: sala, halafu kila mtu anasimama kujitambulisha, na asiyejitambulisha haongei. Sikuwa nimewahi kuona kwamba hayo yote hufanyika akina mama wakiwa jikoni nyuma. Wakiingia na chai, yamekwisha.

Bwana Laban, ndiye mwenyekiti, aligeuka kwangu kama kawaida. "Karani, tuendelee?"

Kazi ya kusema ndiyo ni yangu. Mukami alikuwa amefika mlangoni na birika. Nikafikiri, nani atamvusha huyu? Nikasema, "Bado, Bwana Mwenyekiti. Utambulisho haujaisha."

"Amebaki nani?"

Nilionyesha mlango kwa mkono.

Kijana mmoja akasema, "Si watuletee chai kwanza, bana."

Mukami akamjibu palepale, "Wewe Ngigi, siku ile nyuma ya magunia yangu hukuitisha chai."

Ukumbi ulicheka, hata upande wa pili. Bwana Laban hakucheka. Alinitazama hadi nikauona mkataba wangu ukichanwa. Kisha akasema, "Haya, mama. Kwa ufupi."

Mukami aliweka birika chini. "Naitwa Mukami wa Ndirangu. Wenzangu wako jikoni. Nao wana majina."

Waliingia wote, wakabeba viti wenyewe. Chai ilipoa na hakuna aliyeiulizia. Tulipofunga, vijana wa pande zote walikubali kusalimisha mapanga, lakini si kwa chifu. Walisema watampelekea Mukami.

Mama, mimi nilikuwa nimeshakaa ndani ya ukumbi, kwa mshahara, na bado niliogopa. Akina Kavira wana kizuizi mbele yao. Kama ujumbe huu haujachelewa, baki. Siandiki kwa ujasiri. Nalia hata sasa, na buti nitaendelea kuzisikia. Lakini wao watangulie, mimi nitakungoja.

Binti yako,
Celine

Shauri Moyo, 20 Mei

Mama,

Uko mzima? Kikosi kimerudi. Jana nilisikia buti, kisha hodi. Nilisimama katikati ya chumba nikashindwa kufungua. Mtu akasema, "Dada, nimeleta mzigo wa mama yako." Kilikuwa kitenge cha Kavira. Askari huyo hakuwa na barua. Alijua tu kwamba ulibaki.

Bwana Laban hajanifuta kazi. Anauliza kila mkutano, "Karani, umemaliza na mlango?"

Najua nilikuambia ubaki. Andika hata neno moja.

Celine wako

Kambini, 2 Juni

Nyathina,

Ni mzima. Mtandao ulikatwa tangu nipate ujumbe wako hadi mazungumzo yalipokwisha, na kikosi kiliondoka kabla sijakuandikia.

Tulivuka. Kizuizini walitusimamisha juani hadi Kavira akaanza kuwauliza mama zao ni akina nani. Wakatupisha. Mjini wanaume walianza kujitambulisha, na kabla hawajafika nusu, Kavira akasimama. Alilitaja jina lake polepole, kama mtu anayepanda mbegu.

Nitarudi Novemba. Leso usiifue. Nitaifua mwenyewe.

Mama yako