Moyo Tuliouchora Uwanjani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lisiwe linakutesa tena ngazini. Mwambie dada kwamba gauni alilonishonea limenikaa kama nimezaliwa nalo. Mimi naendelea vizuri. Nina habari mbili. Acha nianze na tamu.

Nilikuandikia kwamba koo linanisumbua kwa mafua. Daktari aliniamuru ninyamaze. Hebu fikiria: mimi uliyeniita Cherehani kwa jinsi nisivyokatiza maneno, ninyamaze mbele ya darasa lililojaa pomoni!

Somo lilikuwa mzunguko wa damu. Nikachukua chaki, nikachora moyo uwanjani, mkubwa kama sebule, vyumba vinne, mapafu pembeni. Wanafunzi wakawa damu: waliingia moyoni na vitambaa vya buluu, wakaenda mapafuni kuchukua hewa, wakatoka na vyekundu. Msichana mmoja anayerudia darasa alipiga ndoo mapigo ya moyo. Akiharakisha, damu yote inatimua mbio.

Mwalimu mkuu akatoka ofisini amekunja uso, akauliza hapa ni shule au ukumbi wa harusi. Alikuwa amekanyaga mstari wa chaki, na yule msichana akaacha ndoo, akamwambia: "Samahani, Mwalimu, umeziba mshipa. Mtu wetu atakufa."

Mzee wa watu akainua mguu taratibu, akauliza atakufaje. Walimweleza wote kwa pamoja, wakikatizana, wakimwonyesha njia kwa vidole. Mwishowe alikabidhiwa kitambaa cha buluu, naye akazunguka, tai ikipepea.

Tangu siku hiyo mwalimu wa hesabu anafundisha sehemu kwa makofi. Wa jiografia anafinyanga milima kwa udongo, na ofisi yetu imekuwa matope matupu.

Sasa ile habari ya pili. Kaa kwanza, Mama. Hayakuwa mafua. Ulikuwa uvimbe. Daktari ameutoa wote na ugonjwa umekwisha, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Lakini umeondoka na sauti yangu, na haitarudi. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungepanda basi siku ileile. Nimelia, sikudanganyi, na hata kilio chenyewe hakikusikika. Maofisa wa elimu walitaka kunihamishia stoo ya vitabu. Mwalimu mkuu akakataa katakata. Aliwaambia hajapata kuona mwalimu anayesikika kuliko mimi.

Jumapili nitakupigia simu. Utasikia pumzi tu. Usidhani ni mtandao, usikate. Zungumza wewe. Nisimulie ya mtaani yote, hata yale uliyokwisha kunisimulia. Nikicheka, nitagonga simu kwa ukucha, ujue nimecheka.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wewe ujitunze kwa ajili yangu.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba