Mimi Natazama Ukuta

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mwanga hatujambo. Mama yako karudi jana kutoka Ilagala na dagaa, wako amekuwekea.

Unaniuliza kama ni aibu kuacha chuo mwaka wa kwanza, maana huna rafiki na chakula unajifungia kula chumbani.

Mimi nilitoka kambi ya wakimbizi kwenda chuo cha ualimu na adabu ya kwetu Burundi: mtu mzima hali chakula mbele ya watu asiowajua. Kila mchana nilichukua sahani yangu nikaenda kula nyuma ya bweni. Wenzangu wakaanza kunong'ona. Siku moja wakanizingira.

"Wewe mkimbizi, unatia nini kwenye chakula? Mbona unajificha?"

Mmoja akaninyang'anya sahani. Nikajitetea kwa lugha ya kwetu, Kiswahili chote kikanipotea.

Zainabu, msichana wa Ujiji aliyekuwa mwaka wa pili, akaichukua ile sahani, akamega tonge, akala, huku akiwatazama mpaka wakaondoka. Akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Hakunicheka. Kesho yake alikuja na sahani yake, akakaa akanipa mgongo.

"Kula. Mimi natazama ukuta."

Tulikula hivyo siku nyingi, migongo ikigusana, mpaka siku nilipotaka chumvi, nikageuka mwenyewe.

Ukiamua kurudi, kitanda chako kipo. Ila leo, kabla hujafungasha, kula mlango ukiwa wazi.

Bibi yako