Mama Aliyesema na Jogoo

Mbekenyera,
12 Januari 1981

Dada yangu Mwamini,

Salamu zikukute huko Nachingwea ukiwa mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi afya tunazo, nami nimenenepa kwa raha. Dada, ndoa tamu. Kila asubuhi mwalimu Amri akienda shuleni nasimama mlangoni mpaka shati lake jeupe lipotelee kwenye mikorosho, na njia nzima yeye anageuka kunitazama.

Ila juzi mchana ilitupiga dhoruba ya radi ambayo sijapata kuiona. Mikorosho imeng'oka, mahindi yamelala matopeni, na paa la mama limechukuliwa lote na upepo. Mama alikuwa ndani, kajikunyata, mvua inamnyeshea. Basi Amri wangu, mtu wa Kondoa asiyejua ya kwetu, akaingia mbio, akambeba mgongoni mpaka kwetu. Mama mkwe, dada, mgongoni. Nawe unajua kwetu hata kutazamana na mkwe ni aibu. Majirani wote wameona.

Tangu hapo mama amehamia jikoni kwangu, hatoki. Amemwita mjomba aje amchukue, akaishi Chiola moja kwa moja. Akiondoka, raha yangu itakuwa nusu. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Mwantumu

Nachingwea,
20 Januari 1981

Mdogo wangu, bibi harusi,

Huku sote wazima, isipokuwa shemeji yako anayeumwa mbavu kwa kucheka. Mvua imetubomolea choo, lakini ya kwako imetusahaulisha.

Mama hana hasira, ana haya tu. Haya ya mkwe huondolewa kwa kazi. Mwalimu aweke chaki chini, aezeke nyumba ya mama kwa mikono yake, na asithubutu kumsemesha. Na wewe toka hapo mlangoni, kakate nyasi.

Dada yako,
Mwamini

Mbekenyera,
3 Februari 1981

Dada mpenzi,

Natumaini mbavu za shemeji zimepona. Mimi nilikata nyasi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na Amri akayapuliza moja moja. Nimpende vipi zaidi ya hapa?

Jumamosi alipanda kuezeka, akaanzia juu kabisa. Mama anachungulia kutoka jikoni, anateseka, kusema hawezi. Mwishowe akamgeukia jogoo.

"We jogoo, huko kwenu nyasi huanzia juu? Maji yote si yataingia ndani?"

Amri akafikiri, kisha naye akamjibu jogoo. "Jogoo, kwetu paa ni la udongo, tambarare. Nifundishe."

"Anzia chini, upande juu. Na ukaze kamba, hufungi daftari hapo."

Jogoo alisemeshwa mpaka akachoka, akaenda zake kwa jirani. Wao wakaendelea kumsemesha vilevile.

Jioni wingu likarudi, jeusi. Amri alikuwa bado juu, amebakiza kipande kidogo. Radi ikapasua mkorosho nyuma ya nyumba. Mama akatoka jikoni mbio, kichwa wazi.

"Amri, mwanangu, shuka. Nyasi zitaota nyingine."

Akashuka. Wakatazamana, kisha kila mmoja akakimbilia mlango wake.

Kesho yake Amri alimalizia kile kipande, na mama akarudi kwake. Mvua imenyesha tena, paa halijavuja hata tone. Jana mjomba alifika na baiskeli kumchukua. Mama akamsongea ugali, akamwacha ashibe, ndipo akamwambia, "Rudi tu, kaka. Mtoto wangu ameniezekea."

Mdogo wako mwenye raha kamili,
Mwantumu