Siku Umeme Ulipokatika kwa Orkestra Yetu

Mujukuu wangu Aline,

Hapa Nyakabiga tuko wazima, na goti la bibi yako limepoa. Unauliza kwa nini naipenda ile diski ya wazee wa muziki wa roki wakiaga mashabiki, na makelele yote yale.

Nikiwa kijana nilirekodi orkestra ya mutaa wetu siku ya kuagana, nimekaa nyuma na mashine ya betri. Katikati ya wimbo wa mwisho umeme ukakatika. Mupiga gitaa la umeme, muzee kuliko wote, hakuacha. Ukumbi mzima ukanyamaza mpaka akamaliza.

Nikamuuliza, “Muzee, ulikuwa unamupigia nani?”

“Wale wa mbele walikuwa wanasikia.”

Wazee wa ile diski wanasikika mpaka nyuma; kwenye kanda yangu, pale hakuna sauti. Mi ndipo ninapofungulia sauti ya redio mpaka mwisho.

Babu yako